Tulivyomngoja Asife

Msichana tuliyepewa alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa ameua mbuzi watatu wa jirani kwa dawa ya nyanya, ile ya kuulia wadudu shambani. Nilimuuliza afisa wa watoto mara mbili kama kweli ni watatu, kwa sababu sokoni nilijifunza kwamba idadi ya kwanza ni ile mtu anayoitamani, na ya pili ndiyo anayoikumbuka. Akasema watatu, na mmoja alikuwa na mimba.

"Basi ni wanne," nikasema.

Afisa hakucheka. Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Hiyo ilikuwa ofisini, mjini Mbarara, mwanzo wa muhula. Chuo chetu kilikuwa na utaratibu wake: wanafunzi wa ustawi wa jamii wanatolewa wawili wawili, kila jozi inakabidhiwa mtoto aliyekosana na sheria, na badala ya kufungiwa mahali, mtoto anabaki kwao huku jozi ikimtembelea kila Jumamosi na kuzungumza naye. Mimi nilipewa msichana huyu kwa kuwa yeye ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mimi ni Mkongomani wa Nakivale. Yeye wa upande wa Juru, mimi nimekulia upande wa Rubondo. Kabla ya chuo niliuza mitumba katika soko la kambini, na mpaka leo sijui kununua kitu bila kwanza kuugua nikitajiwa bei. Mwenzangu alikuwa kijana wa Nyamityobora, mtaa mmoja wa Mbarara, na Kiswahili chake alikipata kwa mjomba wake askari, kwa hiyo hata akikusalimia unajihisi umekamatwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia katika maharage ya kina msichana. Shamba lile alililima yeye. Mama yake ana mgongo mbovu, akiinama kumwinua ni kazi ya watu wawili, na baba hayupo. Msichana alikwenda kulalamika. Jirani, Mrundi mmoja mwenye ndevu fupi na mdomo mkali, akamwambia aandike kibao cha kuwakataza mbuzi, kwa vile yeye anasoma. Watu waliokuwepo wakacheka sana. Siku chache baadaye msichana akamwaga dawa ya nyanya juu ya maganda ya muhogo, akayaacha pembeni mwa shamba.

Hakimu alimruhusu arudi nyumbani chini ya uangalizi wetu, kwa sharti moja. Mwisho wa muhula afisa alitakiwa kupeleka karatasi yenye dole gumba la jirani, kwamba anakubali mtoto huyu aendelee kuishi pale, ua kwa ua naye. Bila dole hilo msichana angepelekwa kituo cha kuzuilia watoto, mbali kabisa na Juru. Maharage yangelimwa na nani, na mama angeinuliwa na nani, hakuna aliyeuliza.

Malipo yalikuwa yamekwisha. Waumini wa kanisa la mama yule walichangishana, jirani akaletewa majike wawili na beberu mdogo, akawakagua meno, akawapokea. Kwa hiyo nilichotumwa kutafuta hakikuwa na bei, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kitu chenye bei nakiweza.

Msichana mwenyewe alikuwa kazi nyingine. Mwalimu wetu alitufundisha maswali yaliyo wazi, yale ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tukakaa naye chini ya upenu wa nyumba yao, na yeye akagundua mlango ambao mwalimu hakuufikiria.

"Siku ile ulijisikiaje?"

"Sijue."

"Ukiikumbuka sasa, unaona nini?"

"Sijue."

"Ungependa maisha yako yaweje?"

Akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu. "Sijue. Na nyinyi?"

Mwenzangu akafunga kalamu.

Muhula ulipokaribia mwisho nilimwendea jirani. Nilimkuta anakata kamba ya kufungia mbuzi, na hakuiweka chini kwa ajili yangu.

"Nimelipwa," alisema. "Na mama yake sina shida. Lakini yule mtoto atoke."

"Atoke aende wapi, Baba?"

"Kule serkali inapoweka watu kama yeye."

Nikaanza mbali, kama ninavyoanza na mteja mgumu. Vipi akikatazwa kupita njia yako mpaka mavuno? Akasema apite asipite, macho yangu yanamwona. Vipi akikaa kwa shangazi yake Rubondo mpaka mvua nyingine? Akasema, na akirudi na dawa nyingine? Kila nilipopunguza yeye alibaki palepale, wala hakukasirika. Mteja asiyekasirika ndiye mbaya.

"Weye hukuwepo," akasema mwishoni. "Miye nilikuwa natoka kisimani. Niliona mbuzi zangu zinalala chini, miguu inapiga hewa, na yeye amesimama anazitupia mawe. Zinakufa, na yeye anatupa mawe! Dawa naelewa. Hasira ya maharage naelewa. Mtu anayepiga mawe kitu kinachokufa, huyo simwelewi, na sitaki alale karibu yangu."

Nilirudi kwa msichana nikamuuliza kama ni kweli alipiga mawe.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sijue."

Mwenzangu akaandika kwamba anakiri. Tukaondoka.

Hata hivyo jirani alikubali kuja kikaoni Jumamosi ya mwisho. "Nitakuja kusikiliza," alinionya. "Kusikiliza sio kukubali." Afisa alikuwa akiingoja karatasi Jumatatu asubuhi.

Kinywaji kilikuwa lazima. Kwa Warundi, na hata kwetu Kivu, watu hawapatani koo zikiwa kavu. Ingefaa pombe ya ndizi, lakini chuo kilikataza pombe mbele ya mtoto, kwa hiyo soda. Mwenye duka pale Juru alikuwa na soda za chupa za kioo peke yake, na hakutaka chupa zitoke bila kuachiwa rehani. Rehani ile ilinichoma. Nikamwambia afungue zote palepale, tuzimimine katika bidoni, dumu la plastiki, yeye abaki na chupa zake, mimi nibaki na pesa yangu. Akatoa bidoni ndogo ya manjano nyuma ya kaunta, akaisuuza. Nikainusa. Nikainusa tena.

"Nyabo, wewe akili yako iko mingi," mwenzangu akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, na tukapanda njia kwa miguu, mimi nimebeba bidoni kama mtu aliyeokota pesa.

Nimekulia kati ya watu ambao hawanywi kitu kilichofunguliwa mbali na macho yao. Mgeni huletewa chupa na kizibo chake, ikafunguliwa mbele yake. Kama ni pombe ya mtungi, mwenye nyumba huonja kwanza ndipo akupe. Hilo hakuna aliyewahi kunifundisha, kama vile hakuna aliyenifundisha kufumba macho nikipiga chafya. Lakini siku ile kichwa changu chote kilikuwa katika rehani ya chupa.

Jirani alikuja. Alipewa kiti cha karibu na mlango, akachukua cha karibu na njia. Mama wa msichana alikuwa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Nilipanga vikombe vitano vya plastiki, nikamimina, nikavilinganisha, nikarudia kuvilinganisha, maana katika kikao cha namna hii kikombe kimoja kikizidi kuna mtu atasema amepunjwa. Msichana akachukua kimoja kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akampelekea jirani.

Jirani hakukigusa. Alitazama kikombe, akatazama bidoni miguuni pangu, akanitazama mimi.

"Chupa iko wapi?"

"Imebaki dukani, Baba."

"Na kizibo?"

"Dukani."

"Nani alifungua?"

"Mwenye duka. Mbele yangu."

"Mbele yako." Akasimama. "Dawa ya nyanya hapa Juru inakaa wapi? Si mu bidoni kama ile? Mbuzi zangu zimekufa kwa bidoni kama ile. Leo munaniita kwa mtoto aliyeziua, munanipa kitu cha rangi, kimetoka mu bidoni kama ile, na anayenipa ni yeye mwenyewe. Weye dada, huko chuoni wanawafundisha nini?"

Niliisukuma bidoni nyuma kwa mguu.

"Ssebo, kaa chini," mwenzangu akasema. "Hiyo ni soda. Kila mtu anaona ni soda."

"Afande, na maganda nayo yalikuwa maganda."

Mama akajaribu kuinuka, mgongo ukakataa. "Unasema mwanangu ni mulozi? Sema wazi, bantu basikie! Ukikufa weye nani atalia? Mbuzi?"

"Angalau mbuzi zangu zingelia, mama. Weye ungecheka."

Nilikuwa bado natafuta neno, lolote, la kumrudisha kitini, msichana alipoinua kile kikombe na kunywa. Alikunywa nusu kwa mkupuo, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akakinyoosha tena kwa jirani.

Jirani alikiangalia kwa muda. Kisha akakaa.

"Kiweke chini," akasema. "Tungoje."

"Tungoje nini?" mama akauliza.

"Mbuzi zangu nilizifungulia jua likiwa pale." Akaonyesha kwa kidevu, juu ya paa la kanisa. "Zikaanguka lilipofika pale, juu ya migomba. Na sasa liko pale pa kwanza. Tungoje lifike."

"Unataka tukae hapa tuangalie kama mwanangu atakufa?"

"Miye nilikaa nikiangalia zangu."

Hakuna aliyeondoka. Gari la mwisho la Mbarara lilikuwa likituacha, mwenzangu aliniambia kwa macho, na kwa macho nikamwambia anyamaze. Msichana alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, mikono juu ya magoti.

Ndipo nilipoanza kufikiri juu ya bidoni. Yule mwenye duka huuza kila kitu. Huuza chumvi, sabuni, betri, na dawa ya nyanya, anayoipima kwa kifuniko kwa wasioweza kununua chupa nzima. Bidoni ile ilitoka nyuma ya kaunta. Ilikuwa na nini kabla? Niliinusa mara mbili, lakini sikumuuliza hata mara moja. Mtu ambaye amenunua suruali elfu na kila moja akaigeuza ndani nje, siku hiyo hakuuliza. Nilimtazama msichana. Alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Jua lilikuwa kali, na mimi pia nilikuwa natoka jasho, lakini mimi sikuwa nimekunywa.

Nikachukua kikombe changu nikanywa. Ilikuwa tamu, ya moto, imeisha gesi, na nyuma ya utamu kulikuwa na ladha nyingine. Nikajiambia ni plastiki. Mwenzangu aliniona, akavuta pumzi, akakimaliza chake kama mtu aliyepewa amri.

"Sasa muko watatu," jirani akasema.

Jua halikusogea. Kuku walipita katikati yetu wakitafuta wadudu wao. Kwa mbali kulikuwa na mtu anayekata kuni, akawa anakata, akaacha, akakata tena.

"Tumbo?" jirani akauliza.

"Hapana," msichana akasema.

"Kichwa?"

"Hapana."

Kisha, kwa sauti ileile ya kuuliza tumbo na kichwa: "Nani alianza kula? Beberu au jike?"

Nilitaka kumzuia. Vitabu vyetu vinasema mtoto asihojiwe na mtu aliyekosewa naye bila maandalizi. Lakini msichana alikwisha kufungua mdomo.

"Beberu. Ile ya pembe moja."

"Ehe."

"Nilitaka ile moja tu. Ile ndiyo ilikuwa inaruka ua, inafungulia zingine njia. Nilijificha mu mahindi, nikangoja ikuje yenyewe. Ikakuja, ikaanza kula. Nikafurahi." Akameza mate. "Halafu ile ya mimba ikakuja. Na ile ndogo nyuma yake."

"Halafu?"

"Nikatoka mu mahindi nikazifukuza. Zikakataa, maganda yalikuwa mingi. Nikaenda kuzivuta, ile ya mimba ikanipiga kichwa. Nikaanza kutupa majiwe."

Jirani aliegemea mbele. "Miye nilikuona. Zilikuwa zimelala, na weye unatupa."

"Zilikuwa zinataka kulala. Nilifikiri zikikimbia zitatapika. Nilipiga ziamuke. Beberu haikuamuka. Ile ndogo haikuamuka. Ile ya mimba iliamuka, nikaifukuza kwa majiwe mpaka kwako, juu ya vile nilifikiri ukiiona utajua dawa ya kuipatia. Ikafika fasi ya mlango wako, ikalala."

Jumamosi zote zile tulimuuliza alijisikiaje. Hakuna kati yetu aliyemuuliza, halafu?

Uso wa jirani haukulainika. Ukawa mbaya zaidi, kama wa mtu anayesikia kitu kikivunjika katika chumba kingine.

"Nilipofika nyumbani ilikuwa inakufa mlangoni kwangu," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Kichwa juu ya kizingiti. Miye nilimwambia muke wangu, angalia, huyu alijua nyumba yake. Amekuja kuniaga." Akamtazama msichana. "Kumbe ni weye ulimleta kwa mawe."

"Ni mimi."

"Haikuja kuniaga."

"Hapana, Baba."

Nilifikiri hapo tumekwisha. Nimeshauza sana, najua uso wa mtu anayekaribia kuondoka, na ule ulikuwa uso wenyewe. Alikuwa amechukuliwa mbuzi, na sasa alikuwa anachukuliwa hata lile dogo alilobaki nalo, la kuagwa na mbuzi wake. Kama angesimama wakati ule, karatasi ingebaki bila dole ndani ya mfuko wangu. Niliweka mkono juu ya mfuko, sijui kwa nini, kana kwamba ingeruka.

Hakusimama. Mama, ambaye tangu mwanzo alikuwa anasubiri nafasi ya kumtukana tena, hakumtukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Hukuniambia hii, mwanangu." Msichana akasema, "Uliniuliza kama nimeua. Nilikuwa nimeua."

Tukaendelea kungoja, maana ndilo neno lililokuwa limesemwa na hakuna aliyelifuta. Mara mbili jirani aliuliza tumbo. Mara moja alimuuliza kama mtoto wa tumboni mwa mbuzi alikuwa akichezacheza, na msichana akasema ndiyo, alimwona akichezacheza, na hapo alilia kwa mara ya kwanza, bila sauti, akijifuta kwa bega. Mwenzangu alikuwa na kitambaa safi mfukoni. Alikitoa, akakishika, akakirudisha. Nadhani alifanya vizuri.

Jua likafika juu ya migomba. Wote tuliangalia huko pamoja, halafu wote tukamwangalia msichana. Alikuwa mzima. Macho mekundu, pua inatiririka, mzima. Mimi nilijigusa tumbo kwa siri. Nilijigusa tena.

Jirani akainama, akaokota kile kikombe chenye nusu, akatoa inzi kwa kidole, akanywa mpaka mwisho.

"Imekufa hii soda," akasema.

"Samahani, Baba."

"Dada, siku nyingine lipa chupa."

Akanyoosha mkono. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anataka karatasi. Mwenzangu akamsomea kila mstari, na kwa kuwa alisoma kama mjomba wake, ilisikika kama hukumu ya kifo. Jirani alimwacha amalize. Kisha akamwomba arudie ile sehemu ya kwamba anakubali kwa hiari yake.

"Hiari," akasema. "Sawa. Andika hiari." Akabonyeza dole katika wino, akalibandika, akalitazama, akalifuta kwenye suruali.

Nilipiga hesabu ya maneno ya kumshukuru, lakini yeye hakuwa ananingoja mimi. Alikuwa amegeuka kwa msichana.

"Nilizizika nyuma ya nyumba. Mvua imedidimiza shimo, na mbwa wameanza kuchimba usiku. Kesho tutalijaza. Uje na jembe."

Msichana akafuta pua. "Nikuje saa ngapi?"

Tangu siku ya kwanza, ukiacha siku ile aliyotutania, hilo lilikuwa swali la kwanza nililomsikia akiuliza.

"Mapema. Kabla ya misa." Jirani akainuka, akapiga vumbi suruali, akafika njiani, akageuka. "Na mawe uyaache kwenu."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Mama ndiye alianza, akashika mgongo kwa maumivu, akaendelea. Msichana hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akatoka na jembe, akalitikisa kuona kama mpini umekaza. Haukukaza. Akaketi chini ya upenu akatafuta kipande cha mti cha kuushindilia.